Mbuzi wa Kufungulia Sauti

Kazi ya mlinzi wa geti ni kazi ya kusema, lakini Mbhekwa Gamedze aliifanya miaka na miaka bila mtu kumwambia hivyo. Alichojua yeye ni kuinua boriti na kuishusha. Lori la miwa likija, anainua. Gari la meneja likija, anainua na mkono unakwenda kwenye kofia. Mkata miwa akitoka na mfuko uliotuna, anaupapasa kidogo, anatikisa kichwa, mtu anapita. Kiingereza chake chote kilikuwa salamu ya asubuhi, ambayo aliitoa hata jua linapozama, na mabosi waliiitikia hivyohivyo bila kinyongo.

Kisha kiwanda cha sukari kikaleta kampuni mpya ya ulinzi. Wakaja na sare za kijivu, redio za mkononi na kijana mmoja kutoka mjini Manzini aitwaye Bhembe, ambaye viatu vyake viling'aa utadhani havikanyagi vumbi la kwetu. Bhembe aliwakusanya walinzi kwenye kivuli cha banda la mizani na kuwagawia vijitabu. Alisema kila mlinzi atapimwa Kiingereza cha getini. Atakayefaulu atabaki. Atakayeshindwa atarudisha sare, na airudishe ikiwa imefuliwa.

Hilo la kufuliwa liliwauma wazee kuliko lile la kufukuzwa.

Kijitabu chenyewe kilikuwa chembamba. Kilisema sentensi za Kiingereza ni za aina nne, na mlinzi anazihitaji zote: ya taarifa kwa kumweleza mkubwa wake kilichotokea, ya swali kwa kumhoji anayeingia, ya amri kwa kumsimamisha, na ya mshangao kwa kupiga ukelele moto ukiwaka. Mimi nimekaa karibu na kiwanda kile muda mrefu na nimesikia mengi ya kipuuzi kutoka kwa watu wa ofisini, lakini aliyeandika kijitabu kile alikuwa na akili. Ukiyaondoa hayo manne, geti linabaki boriti tu.

Gamedze alikipeleka nyumbani ndani ya kofia. Mkewe, LaFakudze, alikuwa ameketi uani anabambua karanga. Akakiweka juu ya ungo wake.

"Wanataka nijue Kiingereza," alisema. "Nisipojua wananitoa."

LaFakudze alikitazama kijitabu, kisha akatazama mlango wa jiko. Mumewe naye akatazama hukohuko. Wote wawili walikuwa na wazo moja na hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kulitamka. Mshahara wa geti ndio ulioleta unga, mafuta ya taa na dawa za presha za LaFakudze. Mtoto wao Mancoba alikuwa migodini Afrika Kusini, na pesa zake zilikuja zikijisikia. Na katika boma lile lote, mtu mmoja tu ndiye aliyejua Kiingereza: mke wa Mancoba, makoti wa nyumba, kama Waswati wanavyomwita mke wa mwana, ambaye wakati huo alikuwa jikoni anakoroga uji na kujifanya hasikii.

*

Makoti yule jina lake la kwao lilikuwa Tengetile, lakini kwa wakwe aliitwa LaMatsenjwa, yaani binti wa kina Matsenjwa, kama desturi ilivyo. Alikuwa ameolewa baada ya mavuno ya mwaka uliopita. Shule aliimaliza, na Kiingereza alikipata kwa alama zilizomfanya mwalimu mkuu aje mwenyewe kwao kuwapongeza. Alitaka kusomea ualimu. Baba yake akafa, mambo yakakwama, posa ikaja, akavaa shuka la mabegani na kilemba, akaanza ukwe.

Na ukwe wa Kiswati si jambo la mchezo. Makoti hamtazami baba mkwe usoni. Hatamki jina lake. Hapiti karibu na zizi la ng'ombe. Akilazimika kusema naye, hupiga magoti, macho chini, mikono imekingwa, na sauti hutoka ndogo. Bora zaidi asiseme kabisa, maneno yake ayapitishe kwa mama mkwe. Kumuuliza baba mkwe swali ni kukosa malezi. Kumwamuru hakuna hata jina lake, maana hakuna aliyewahi kufanya.

Kwa hiyo masomo yalianza hivi. Gamedze alikaa kwenye benchi lake upande wa zizi. LaMatsenjwa alikaa kwenye mkeka mlangoni mwa jiko, amempa ubavu. Katikati yao alikaa LaFakudze na ungo. Makoti alisema sentensi kwa sauti ndogo, mama mkwe akaipokea na kuirusha kwa mumewe, na mumewe akairudisha kwa njia ileile. LaFakudze hakujua neno hata moja la Kiingereza, na sentensi nyingine zilifika ng'ambo zikiwa zimevunjika mguu.

Taarifa hazikuwa na taabu. "Lori limeingia. Lori limetoka. Nimeona mtu." Gamedze alizipenda, kwani ndivyo alivyozoea kusema hata kwa lugha yake. Maswali yalileta kazi. LaMatsenjwa alishindwa kumwuliza mzee "unatoka wapi?" hata kwa Kiingereza, hata kwa mfano. Akamwuliza kuku. Kuku alikuwa anadonoa maganda ya karanga, na makoti akamgeukia na kumwuliza kwa adabu zote anatoka wapi na amebeba nini. LaFakudze alicheka mpaka machozi yakamtoka, na tangu siku ile kila kuku aliyepita uani alihojiwa naye kwa Kiingereza. Nasema kweli, mama yule alishika maneno upesi kuliko mumewe.

Zilipofika amri, LaMatsenjwa aliinama zaidi. "Simamisha gari," aliuambia mkeka. "Fungua buti. Shuka." Sauti yake ilikuwa ya mtu anayeomba radhi kwa kuzaliwa. Gamedze akasikiliza kwa makini, akarudia kila neno jinsi alivyolisikia. Alikuwa mwanafunzi mtiifu. Kwa upande wa mshangao, walikubaliana bila kusema kwamba hakuna wa kupiga ukelele wa moto nyumbani kwa watu, majirani watakuja na ndoo. Wakaliruka somo hilo.

*

Siku ya mtihani Bhembe alipanda gari dogo, akatoka nje ya geti, akarudi akiliendesha kama mgeni. Walinzi walikuwa wamejipanga ukutani, kila mmoja akingoja zamu yake. Wa kwanza alifaulu. Wa pili, Sifundza, mtu wa maneno mengi, alifaulu na bado akataka kuendelea.

Gamedze akaitwa. Alitoka kwenye kibanda, akasimama pembeni mwa njia. Gari lilipokaribia, magoti yake yakalegea kidogo, viganja vikakutana kifuani, macho yakaenda kwenye tairi, na sauti ndogo, laini, ikamtoka: "Simamisha gari."

Gari lilikuwa limeshapita. Bhembe akalirudisha nyuma. Gamedze akaligeukia, viganja bado vimekutana, akaliambia tairi lifungue buti.

Bhembe alitoa kichwa dirishani. Hakuwa kijana mbaya; uso wake ulionyesha kwamba hajui acheke au asikitike. "Mzee wangu," alimwambia kwa Kiswati, "unaniamuru au unanichumbia?"

Ukuta mzima ukaangua kicheko. Sifundza ndiye aliyelipata jina. "Mwacheni jamani," alisema, "tumepewa makoti wa geti." Kabla ya chakula cha mchana jina hilo lilikuwa limeshafika kwenye mizani, na jioni wakata miwa walipotoka walimsalimia Gamedze kwa kukinga viganja. Mtu aliyesimama pale tangu wengine wao wanavaa kaptula za shule.

Bhembe alimwita pembeni. Alimweleza kwamba maneno yalikuwa sahihi yote, hakuna hata moja lililokosewa, ila dereva yeyote angempita kama alivyompita yeye. Akampa nafasi nyingine, Ijumaa ya wiki inayofuata. Baada ya hapo hakuna nyingine.

Gamedze alirudi nyumbani, akasema mtihani umeahirishwa, akaomba maji ya kunywa.

*

Uongo wa mume haukai sana mahali penye bomba moja la maji. Kesho yake LaFakudze alipofika na ndoo, mke wa Sifundza alimpisha kwa unyenyekevu wa kupita kiasi.

"Nisalimie makoti, mama."

"Yuko nyumbani anafua. Zitafika."

"Si huyo. Huyo wa getini."

Wanawake wengine waliinamia ndoo zao. LaFakudze alijaza ndoo yake mpaka ikafurika, akajitwisha, akaondoka, na maji yakamwagika njia nzima kwa hasira za hatua zake. Alipofika alimweleza mkwewe yote aliyoyapata njiani kutoka kwa watu wa kweli: ule mguu uliolegea, vile viganja, yale macho kwenye tairi.

LaMatsenjwa aliacha nguo kwenye beseni. Alikaa chini, mikono imejaa povu.

"Mama, kosa ni langu," alisema. "Baba ameyashika maneno yote. Ila ameyashika kama nilivyoyasema mimi. Nimemfundisha mwanamume kuamuru kwa sauti ya ukwe."

Akalia. Hakulia kwa hofu ya unga kuisha, ingawa hofu hiyo alikuwa nayo. Alilia kwa kuwa mzee yule, ambaye hakuwahi kumkaripia hata siku moja, alikuwa amebeba sauti yake mpaka getini akachekwa nayo mbele za watu. LaFakudze alimwacha alie. Kisha akamwuliza dawa yake ni nini.

"Anahitaji kuamriwa na mtu aliyesimama wima, anayemtazama. Asikie amri inavyotoka."

"Na mtu huyo ni nani? Mimi Kiingereza changu ni cha kuku."

Makoti alijifuta povu, akavuta shuka lake mabegani.

*

Jioni ile LaFakudze alimkabili mumewe benchini. Hakuzunguka mbuyu. Alimwambia anajua yaliyotokea, kijiji kizima kinajua, na dawa iko ndani ya boma lakini itabidi imsimamie mbele na kumtazama machoni.

Gamedze alikuwa anakata kucha kwa kisu. Aliendelea kukata.

"Katika boma la baba yangu," alisema, "makoti aniamuru mimi? Bora nirudishe hiyo sare. Nitaifua mwenyewe."

"Utaifua kwa sabuni ipi?"

Kisu kikasimama. Lilikuwa pigo la chini na LaFakudze alilijua, lakini alikuwa mke wa miaka mingi na alijua pia mahali ambapo maneno laini huwa hayafiki. Akakaa kando yake kwenye benchi, jambo alilolifanya mara chache.

"Baba Mancoba, nilipokuja hapa sikuonja maziwa yenu ya mgando. Nilikuwa nayachuja, nayapakua, na mimi mwenyewe nakula ugali na majani. Ilikuwa mwiko kwa makoti. Baba yako akanipa mbuzi, akasema mfungueni. Asubuhi maziwa ni mwiko, jioni nikamaliza bakuli mbili. Kuna mzimu uliokuja kudai?"

"Maziwa ni maziwa."

"Na sauti ni nini? Wazee walijua kufunga, na walijua kufungua pia. Mfungue huyu mtoto."

Gamedze alisema mtu akianza kununua ruhusa za namna hiyo atamaliza zizi. LaFakudze akasema zizi lenyewe litamalizwa na njaa. Wakaachana hapo. Mzoea punda hapandi farasi, na mzee wa watu alikuwa na miaka mingi juu ya punda wake.

Siku zilizofuata zilikuwa nzito. Gamedze alikwenda kazini, akakingiwa viganja, akarudi. Jioni alifungua kijitabu na kukifunga. Mara moja alijaribu mwenyewe nyuma ya zizi, ng'ombe wakiwa ndio magari. Alisimama, akafungua kinywa kumwamuru dume lake la miaka mingi, na magoti yakalegea. Aliyaona mwenyewe yakilegea. Alibaki amesimama pale huku dume likimtazama, na aibu iliyompata hapo, bila shahidi wa kibinadamu, ilikuwa kubwa kuliko ile ya ukutani.

Asubuhi yake LaMatsenjwa alitoka kuwasha moto akakuta mbuzi jike mweupe amefungwa kwenye nguzo ya jiko, anatafuna ufagio. Gamedze alikuwa anafunga kamba za viatu vyake mlangoni. Alizungumza na mkewe, lakini kwa sauti ya kufika jikoni.

"Mwambie mwenye mbuzi tuanze jioni."

*

Walianza kwenye njia ya kuingilia boma, mbali na zizi. LaFakudze aliteua mti mmoja wa kuni kuwa boriti na toroli kuwa lori. Gamedze akashika mikono ya toroli. Alikuwa dereva. Makoti alikuwa mlinzi.

LaMatsenjwa alisimama mbele yao, shuka mabegani, kilemba kichwani. Toroli likaja. Akafungua kinywa, hakikutoka kitu. Likaja tena, ikatoka ileile sauti ya mkekani, na macho yake yakaenda kwenye gurudumu. Alikuwa huru kwa mbuzi, lakini shingo yake ilikuwa haijapata habari.

"Mbuzi wangu amekwenda bure," Gamedze alinung'unika.

Sijui kama alisema kwa hasira au kwa kumchokoza. LaMatsenjwa aliyasikia, na kitu fulani cha shuleni, cha yule msichana aliyekuwa akisimamia darasa mwalimu akitoka, kikaamka. Maji alikwisha kuyavulia nguo. Aliinua kichwa, akamtazama baba mkwe wake usoni kwa mara ya kwanza tangu aolewe, na kwa Kiingereza safi akamwambia asimame.

Toroli lilisimama kabla Gamedze hajaamua kulisimamisha. Mbwa alibweka. LaFakudze aliweka mkono kinywani.

Wakatazamana, mzee na makoti. Gamedze aliona kwamba macho ya mkwewe ni ya hudhurungi na kwamba yamejaa machozi ya woga na bado hayainami. Tena aligundua kwamba hakuna kilichovunjika. Mbingu ilikuwa juu, zizi lilikuwa mahali pake. Amri ilikuwa imempita mwilini kama maji baridi, na mikono yake ilikuwa imetii.

"Tena," alisema.

Walirudia mpaka kivuli cha nyumba kikafika njiani. Kisha wakabadilishana: yeye mlinzi, makoti dereva. Magoti yakalegea mara mbili tatu, na kila yakilegea LaMatsenjwa alimpita na toroli bila huruma. Jirani mmoja, mzee Magagula, aliyekuwa akirudi kutoka malishoni, alisimama kwenye ua na kumwona Gamedze akisimamishwa na mtoto wa kike mwenye toroli. Aliuliza kuna nini humu.

"Nasoma," Gamedze alimjibu, akashika toroli tena.

Amri zikakaa. Maswali ndiyo yaliyobaki na kasoro, na kasoro hii hakuna aliyeitazamia. Gamedze aliuliza "unatoka wapi?" vizuri kabisa, kisha akageuka na kwenda kuinua boriti. Aliuliza "umebeba nini?" na tayari alikuwa anatazama pengine. Makoti alipojibu alikuta mgongo. LaMatsenjwa alilitafuta neno la kulisema hilo kwa adabu, hakulipata, akalisema tu.

"Baba, ukiuliza, ngoja jibu."

Gamedze alimtazama kama mtu aliyeambiwa anatembea na kiatu kimoja. Alijaribu kukumbuka mara ya mwisho alipomwuliza mtu swali hapo nyumbani na kungoja. Alimkumbuka daktari wa ng'ombe. Kabla ya huyo hakuona mtu. Alikuwa mume mwema, hakuwa mlevi, hakuwa mpigaji, lakini chakula kiliwekwa, maji yaliletwa, watoto waliitwa, na yeye aliishi ndani ya amri na taarifa. LaFakudze, kwenye mkeka wake, alikuwa ameinamia karanga kwa bidii kubwa.

"Nangoja kiasi gani?" aliuliza.

"Mpaka mtu amalize kusema, baba."

Akangoja. Ulikuwa mwanzo.

*

Ijumaa Bhembe alikuja na gari lilelile. Ukuta ulijaa, maana habari za makoti wa geti zilikuwa zimewavuta hata watu wa karakana. Sifundza alikuwa ameshakinga viganja vyake mapema.

Gari likaja kwa kasi. Gamedze alitoka kibandani akasimama katikati ya njia. Aliinua mkono, akamtazama Bhembe kwenye kioo, na amri aliyoitoa ilisimamisha gari, ikamsimamisha pia mtu wa baiskeli aliyekuwa akipita barabarani bila hatia. Alimwambia dereva azime injini, ashuke, afungue buti. Kila kitu kikafanyika.

Kisha akauliza: "Unatoka wapi?"

Bhembe hakujibu. Ilikuwa sehemu ya mtihani. Wageni wengine hunyamaza kwa makusudi ili mlinzi achoke awapishe. Alikunja mikono akatazama miwa. Sifundza akakohoa kikohozi cha kejeli. Gamedze alisimama palepale, hakugeuka, hakusogea kwenye boriti, uso wake hauna hasira. Alingoja mpaka jasho likamtoka Bhembe.

"Natoka Manzini," Bhembe alisema mwishowe.

"Umebeba nini?" aliuliza Gamedze, na kungoja tena.

Taarifa aliitoa kwenye redio bila kigugumizi. Ikabaki mshangao, somo walilolikwepa nyumbani. Bhembe alimwambia afikirie moto umeshika kwenye ghala la maganda ya miwa. Gamedze alivuta pumzi. Juu ya sauti ile sina la kuongeza, ila kwamba wakata miwa waliokuwa shamba la tatu walikuja mbio na mapanga yao, wapishi walitoka na sufuria za maji, na king'ora cha kiwanda kililia kabla mtu hajawahi kumweleza mwenye king'ora kuwa ni mtihani. Meneja mwenyewe aliteremka ngazi na leso shingoni akiuliza moto uko wapi.

Bhembe alimpa mkono mbele ya wote. Sifundza, ambaye hakuwa na roho mbaya, ulimi wake tu ndio uliokuwa mrefu, alivua kofia.

"Makoti huyu kaachwa," alisema. "Amerudi baba mwenye nyumba."

*

Habari zilifika nyumbani kabla yake, bomba la maji ni lilelile. LaFakudze alikuwa amepika kuku mmoja wa wale waliohojiwa. Jua lilikuwa bado liko juu ya miwa Gamedze alipoingia, akaketi kwenye benchi, akaivua kofia ya kijivu na kuiweka gotini.

LaMatsenjwa alileta maji ya kunawa. Mtihani ulikuwa umekwisha, na yeye alikuwa amerudi mahali pake: alipiga magoti, beseni mkononi, macho chini. Gamedze alinawa. Alijifuta. Makoti alipotaka kuinuka, alimwita kwa jina.

"LaMatsenjwa, wewe unataka nini?"

Makoti alifikiri ni taulo lingine. Akamtazama mama mkwe kwa msaada, lakini LaFakudze alikuwa ameganda na mwiko mkononi. Swali lilikuwa halikupitia kwake. Lilikuwa limekwenda moja kwa moja.

"Kwamba baba anataka nilete nini?"

"Sijasema ulete. Nimeuliza unataka nini."

Makoti alilitua beseni chini. Jikoni sufuria ilianza kufurika, mchuzi ukachuruzika motoni na kunuka, na LaFakudze hakwenda. Gamedze hakuitazama kofia yake, hakulitazama zizi. Alikaa na mikono magotini, amemgeukia makoti wake mwili mzima, kama alivyomsimamia Bhembe mchana, na alionekana yuko tayari kukaa hivyo mpaka ng'ombe warudi na watoke tena.

"Kusoma," LaMatsenjwa alisema. Sauti ilikuwa ndogo. Akainua kichwa, akasema tena kwa ile nyingine. "Nataka kusomea ualimu, baba."

LaFakudze alivuta pumzi na kuizuia. Alijua gharama ya jambo hilo, alijua Mancoba atasema nini kwenye simu, alijua watakayosema bombani. Gamedze naye aliyajua. Aliyapitia yote kichwani moja baada ya jingine, polepole, na ukimya wake ulimrudisha makoti macho chini.

"Chuo kinafunguliwa lini?" aliuliza Gamedze, na akangoja.